Nani Alishika Pochi ya Jackie Coogan?

Nikiwa chuo tulikuwa na utaratibu wa kununua bando la usiku, lile la kuanzia saa sita, na kushusha chochote kinachoshuka. Ndivyo nilivyokutana na The Addams Family, mfululizo wa televisheni wa Marekani uliorushwa kati ya 1964 na 1966. Nilimpenda zaidi Mjomba Fester: mzee mnene, kipara, macho yamezungukwa na weusi, anaweka balbu mdomoni na balbu inawaka. Sikujua jina la mwigizaji wala sikujali.

Miaka kadhaa baadaye nikaangalia The Kid ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1921. Humo kuna mtoto mdogo mwenye macho makubwa na kofia iliyomzidi kichwa, anavunja vioo vya nyumba za watu kwa mawe ili baba yake wa kuokota, ambaye ni fundi vioo, apate kazi. Nikaenda kutafuta mtoto yule aliishia wapi. Ni yule yule bwana. Mtoto wa Chaplin na mzee wa balbu ni mtu mmoja, Jackie Coogan, na kati ya picha hizo mbili kuna zaidi ya miaka 40.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma maisha ya watoto waigizaji kama watu wengine wanavyosoma riwaya za upelelezi. Swali ambalo kila mtu huuliza ni kwa nini wengi wao hupotea. Mimi lililonikaa kichwani ni la upande wa pili: wale waliofika ukubwani wakiwa bado wanafanya kazi, wana akili zao na majina yao, walipitia mlango gani? Jibu la haraka ni kipaji. Lakini kipaji walikuwa nacho wote, hata waliozama. Jibu langu mimi linaanzia kwenye pochi, ingawa, kama utakavyoona, haliishii hapo. Na nina sababu yangu binafsi ya kuuliza, nitaifikia.

Coogan alizaliwa Los Angeles Oktoba 1914, kwa wazazi waliokuwa watu wa majukwaani, maonyesho yale ya vichekesho na muziki yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji. Mwaka 1919 Chaplin alimwona kwenye ukumbi wa Orpheum akicheza na baba yake. Chaplin mwenyewe alikuwa ametoka msibani. Mwanawe wa kwanza alizaliwa Julai mwaka huo na kufariki baada ya siku tatu. Ukijua hilo, The Kid inabadilika mbele ya macho yako. Ile tukio la watu wa nyumba ya yatima kumpakia mtoto kwenye gari, naye amenyoosha mikono akilia, midomo inatetemeka, halionekani tena kama uigizaji.

Na kwa kweli halikuwa uigizaji mtupu. Chaplin alilisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1964. Siku ile mtoto alikuwa na furaha mno, kilio kikakataa kuja. Baba yake akasema, niachieni mimi. Akamwambia mwanawe kwamba asipolia ataondolewa studio na kupelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akaangua kilio, kamera ikapata ilichotaka. Baadaye Chaplin akaenda kumbembeleza, na Jackie akamwambia kwamba alijua baba anatania. Chaplin anaisimulia kama kisa cha kuchekesha. Nimeisoma mara tatu, bado sijaipata sehemu ya kucheka.

Filamu ile ilimfanya Jackie mmoja wa watu maarufu zaidi duniani kabla hajatimiza miaka saba. Sura yake ilikuwa kwenye wanasesere na makopo ya siagi ya karanga. Mwaka 1924 alizungushwa Marekani na Ulaya kuchangisha misaada kwa yatima wa Kiarmenia na Kigiriki, na alipofika Roma alipokelewa na Papa Pius XI. Mapato yake ya utotoni hukadiriwa kuwa dola milioni tatu hadi nne, fedha za wakati ule. Yeye alikuwa akipewa posho ya dola 6 na senti 25 kwa wiki.

Mei 1935 alikuwa na miaka 20. Walikuwa wakirudi kutoka kuwinda njiwa Mexico, baba yake akiendesha, gari likapinduka. Wote waliokuwamo walikufa, isipokuwa Jackie. Oktoba mwaka huo alitimiza miaka 21, umri ambao alikuwa ameamini siku zote kwamba ndio wa kukabidhiwa mali yake. Hakukabidhiwa kitu. Mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, bwana aliyekuwa akisimamia biashara za familia, na Aprili 1938 mtoto wa Chaplin akampeleka mama yake mzazi mahakamani.

Msimamo wa mama na baba wa kambo ulikuwa mwepesi kueleweka: anachochuma mtoto ni mali ya wazazi. Jamani, ukitaka kukasirika, kasirika, lakini kwa sheria ya California ya siku hizo walikuwa sahihi. Zile hazikuwa hoja za wezi waliokamatwa. Ilikuwa sheria ya zamani, ya enzi za mtoto kuchunga ng'ombe wa baba yake, ikitumika kwa mtoto aliyekuwa akilisha kiwanda kizima cha sinema. Mwisho wa kesi Jackie alipata kama dola 126,000, nusu ya kile kilichokuwa kimebaki. Katika kipindi hicho cha ukame Chaplin alimpa dola 1,000. Ndoa yake na mwigizaji Betty Grable, waliyoifunga 1937, ilivunjika 1939.

Mwaka huo huo California ikapitisha sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, Sheria ya Coogan. Ukiisoma haraka utapiga makofi. Ukiisoma taratibu utaona tundu lake. Mahakama ilipewa uwezo wa kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe akiba, ila tu pale mkataba ulipopelekwa mahakamani kuidhinishwa. Na studio zilipeleka mikataba mahakamani hasa kwa faida yao, kwa sababu mkataba ulioidhinishwa na hakimu mtoto hawezi kuuvunja kwa kisingizio cha umri. Mkataba usiopelekwa haukuguswa. Mwanya huo ulikaa wazi hadi mwaka 2000, sheria iliporekebishwa na kutamka kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto, na asilimia 15 lazima iende kwenye mfuko wa amana. Hesabu mwenyewe: miaka 61.

Jackie alikwenda vitani, akarusha ndege zisizo na injini huko Burma, akarudi, akaigiza nafasi ndogo ndogo hadi balbu ile ilipompata akiwa na miaka karibu 50. Alifanya kazi mpaka uzeeni na akafariki Machi 1984. Tukisema alidumu, hatukosei. Ila alidumu kama mtu aliyejenga nyumba mara mbili, ya kwanza ikiwa imeuzwa yeye akiwa amelala ndani.

Aliyeandika wasifu mzuri wa Coogan ni mwanamke ambaye naye alistahili kuandikiwa, na ndiye ninayempenda kuliko wote katika makala hii. Alizaliwa 1918, jina la nyumbani Peggy-Jean Montgomery, jina la sinema Baby Peggy. Alianza kuigiza hajafika miaka miwili. Baba yake alikuwa kauboi aliyefanya kazi ya kuanguka na farasi badala ya nyota wenyewe, na sifa kubwa aliyompa binti yake mbele za watu ni utii: mtoto huyu ukimwambia lia, analia, ukimwambia acha, anaacha. Kwa utii huo alitupwa kutoka kwenye lori, akazamishwa baharini mpaka akazirai, na akatoka kwenye chumba kilichokuwa kikiungua kweli. Alikuwa anakwenda shule? Hapana. Alikuwa anakwenda kazini.

Kilele cha mapato yake kilikuwa dola milioni 1.5 kwa mwaka. Mwaka 1925 baba yake aligombana na mtayarishaji juu ya malipo na mlango wa Hollywood ukafungwa. Mtoto alikuwa na miaka sita au saba, amemaliza kazi ya maisha. Fedha zikaliwa, nyingine na ndugu aliyepewa kuzitunza, na familia ikamrudisha binti majukwaani kuwatafutia riziki. Alipofika ujana alikuwa akichukua kazi za kujaza umati nyuma ya waigizaji wengine, kwa malipo ya siku. Mwaka 1936 Captain January, filamu aliyoing'arisha yeye 1924, ilitengenezwa upya. Mtoto safari hii alikuwa Shirley Temple.

Basi akaacha. Akabadilisha jina, akawa Diana Serra Cary, akauza vitabu, kisha akaanza kuviandika. Hollywood's Children kilitoka 1978, kitabu cha maisha yake mwenyewe 1996, na wasifu wa Coogan 2003. Alizungumzia haki za watoto waigizaji mpaka ukongweni na akafariki Februari 2020 akiwa na miaka 101. Kinachonivutia ni namna alivyoandika. Angeweza kulalamika, nani angemzuia? Badala yake alifanya kazi ya mwanahistoria: alitafuta nani alilipwa nini, nani alisaini wapi, familia gani ilikula nini baada ya mtoto kuota meno makubwa. Alifika ukubwani akiwa na kazi, ndiyo, lakini ilibidi kwanza amzike Baby Peggy kwa jina jingine, halafu arudi kumfukua kwa kalamu.

Shirley Temple mambo yake yanajulikana zaidi kwa hiyo nitapita upesi. Alizaliwa Aprili 1928, na kati ya 1935 na 1938 alikuwa nyota namba moja kwa mauzo ya tiketi Marekani nzima, katikati ya njaa ya mdororo wa uchumi. Studio ilimpunguzia umri kwa mwaka mmoja, hata yeye mwenyewe hakujua. Siku aliyodhani anatimiza miaka 12 aliambiwa ametimiza 13. Alipokuwa mtu mzima akauliza habari ya fedha zake. Kati ya zaidi ya dola milioni tatu alizochuma, zilikuwa zimebaki kama 44,000. Sheria ya Coogan ilikuwa tayari ipo, mahakama ilikuwa imeagiza akiba, na baba hakuiweka. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Mambo mengine huhitaji mtunzi wa hadithi.

Temple aliyaandika hayo katika Child Star, kitabu chake cha 1988, bila kutukana. Aliacha sinema rasmi 1950, ana miaka 22, na ukubwa wake ukaenda kwingine kabisa. Agosti 1968 alikuwa Prague kwa shughuli za shirika la ugonjwa wa neva vifaru vya Kisovieti vilipoingia. Mwaka 1989 akarudi Prague, safari hii balozi wa Marekani, akiwa ameshakuwa balozi Ghana kati ya 1974 na 1976. Watu wa Accra walimpokea mama wa makamo anayezungumzia diplomasia, na bila shaka walikuwepo waliotamani tu kumwona akicheza ngazini.

Sasa kuna aina ya kudumu inayonisumbua. Mickey Rooney alizaliwa 1920, akapanda jukwaani kabla ya kutimiza miaka miwili, na akaigiza hadi alipokufa Aprili 2014. Ukihesabu miaka ya kazi, ni wachache sana waliowahi kumkaribia. Ndoa nane. Machi 2011, akiwa na miaka 90, aliketi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kueleza jinsi alivyonyang'anywa uamuzi juu ya fedha zake, dawa zake, hata chakula chake, na watu wa nyumbani mwake. Mali aliyoacha ilikuwa dola 18,000. Mwanzo wa maisha pochi ilishikwa na wengine, mwisho wa maisha pia. Katikati alichuma tu. Kama huku ndiko kufanikiwa, basi neno hilo tulitazame upya.

Kwa hiyo nilipofika kwa Ron Howard nilikuwa na nadharia yangu mkononi, nikitafuta tu wa kuithibitisha. Na anaithibitisha vizuri. Howard, wa 1954, alikuwa Opie, mtoto wa polisi wa mji mdogo katika The Andy Griffith Show, kuanzia 1960 hadi 1968. Wazazi wake, Rance na Jean, walikuwa waigizaji wa kawaida, wa nafasi ndogo. Walichukua asilimia 5 tu ya mapato ya watoto wao kama ada ya umeneja, mengine yakawekwa. Yaani mtoto alikuwa nyota, lakini nyumba iliendeshwa na baba aliyekuwa akihangaika kutafuta kazi zake mwenyewe. Rance ndiye pia aliyemshauri Griffith kwamba mtoto kwenye hadithi asiwe mjuaji anayemtania baba yake ili watu wacheke. Amheshimu, kama Ron anavyomheshimu yeye. Griffith akakubali, na ndiyo maana uhusiano ule wa baba na mwana bado unatazamika leo.

Kuna kisa Howard hupenda kukisimulia. Alikuwa na miaka saba, wanasoma skripti, akasema mtoto hawezi kuongea sentensi hii hivi. Wakamuuliza angeongeaje. Akasema. Wakabadilisha. Alipoonekana anatabasamu akaulizwa kulikoni, akajibu kwamba ni mara ya kwanza pendekezo lake linakubaliwa. Ukiweka kisa hiki pembeni ya kile cha Coogan na nyumba ya maskini, tofauti yake haina haja ya maelezo. Mmoja alikuwa kifaa cha kutoa machozi. Mwingine aliulizwa. Howard alianza kuongoza filamu akiwa na miaka 23, na 2002 akachukua Oscar ya uongozaji kwa A Beautiful Mind.

Nadharia safi, sivyo? Halafu akaja Jodie Foster akaiharibu.

Foster alizaliwa Novemba 1962. Alianza na tangazo la mafuta ya jua akiwa na miaka mitatu. Mama yake, Brandy, alikuwa ameachana na mumewe, ana watoto wanne, na mshahara wa Jodie ndio uliokuwa ukilipa mambo mengi ya nyumba. Mama ndiye meneja. Yaani kila kitu nilichokilaani kwa Coogan kipo hapa. Na kazi zenyewe hazikuwa za kuonewa wivu: kwenye Napoleon and Samantha, ya 1972, simba alimng'ata na kumnyanyua. Akiwa na miaka 12 akaigiza kahaba mtoto katika Taxi Driver. Mamlaka za California zilitaka kwanza apimwe na daktari wa akili kuona kama ataimudu nafasi ile, na sehemu zisizofaa mtoto akasimama dada yake aliyekuwa mtu mzima. Filamu ilitoka 1976, na Foster akapendekezwa kwa Oscar akiwa na miaka 14.

Kwa hesabu yangu huyu alipaswa kuzama. Hakuzama. Nilikaa na jambo hili muda mrefu, nikarudi kwenye mahojiano yake ya miaka mbalimbali, na kuna kitu anakirudia. Mama yake alimwambia mapema kwamba kazi hii itakwisha akifika ujana, kwa hiyo aamue atafanya nini baada ya hapo. Hakumwambia utakuwa malkia. Alimwambia itakwisha. Akampeleka shule ya Kifaransa pale Los Angeles, na 1980 Jodie akatoa hotuba ya kuhitimu kwa Kifaransa. Kisha akaondoka kwenda Yale kusoma fasihi.

Ndipo nikaelewa kwamba pochi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mlango. Foster alikuwa mlishaji wa familia, lakini mlango wa kutokea alionyeshwa angali mdogo, tena na yule yule aliyekuwa akifaidika na yeye kubaki ndani. Baby Peggy mlango wake ulikuwa wa kusukumwa nje. Temple aliufungua mwenyewe akiwa na miaka 22. Rooney sidhani kama aliwahi kuuona.

Yale haikuwa pumziko alilolitarajia. Machi 1981 mtu aliyekuwa akimfuatilia na kumwandikia barua alimpiga risasi Rais Ronald Reagan, eti kumvutia Jodie Foster. Waandishi wakamiminika chuoni. Desemba 1982 Foster aliandika insha kuhusu tukio hilo katika jarida la Esquire, ana miaka 20. Sio insha ya nyota aliyeandikiwa na mtu. Ni ya msomaji wa vitabu. Alihitimu 1985 kwa heshima za juu, tasnifu yake ikiwa juu ya Toni Morrison, na akawa anafikiria kuendelea na masomo ya juu endapo The Accused ya 1988 ingeanguka. Haikuanguka. Ilimpa Oscar ya kwanza, The Silence of the Lambs ikampa ya pili, na filamu ya kwanza aliyoiongoza, Little Man Tate ya 1991, inahusu mtoto wa miaka saba mwenye akili za ajabu anayegombewa na wanawake wawili: msimamizi wa shule anayetaka akili yake, na mama yake, mhudumu wa baa, anayetaka awe mtoto. Foster alijipa nafasi ya mama.

Wale wa Harry Potter wamekuja baada ya haya yote na wamevuna walichopanda wengine. Wazazi wa Daniel Radcliffe walikataa mwanzoni, mpango wa filamu nyingi ulipokuwa wa kumhamishia mtoto Los Angeles. Wakakubali ulipobadilishwa uwe wa filamu chache na kazi ifanyike Uingereza. Emma Watson alihitimu Chuo Kikuu cha Brown 2014. Radcliffe alipanda jukwaani London 2007 na mchezo wa Equus, na Juni 2024 akapata tuzo ya Tony. Ona tu neno lililotangulia pale mwanzo: walikataa.

Sasa deni langu.

Mimi ni wa kizazi kilichokua na Bongo Muvi. Nakumbuka Uncle JJ, jinsi watoto wawili walivyompokonya marehemu Steven Kanumba filamu nzima, na yeye mwenyewe akionekana kufurahia kupokonywa. Kwa hiyo miaka kadhaa iliyopita, nilipotumwa kwenda lokesheni moja nje kidogo ya Dar es Salaam kuandika habari za binti wa miaka tisa aliyekuwa ameanza kuvuma kwenye tamthilia, nilikwenda kwa furaha. Sitataja tamthilia wala watu.

Walikuwa wakipiga tukio la mtoto kufukuzwa nyumbani usiku, mvua ya kumwagia kwa mpira wa maji. Walirudia mara nyingi. Kila wakikata, mtu anamfunika khanga, wanapanga taa, wanaanza tena. Saa tano usiku alikuwa anatetemeka kweli, na mwongozaji akasema hapo hapo, usimfunike, kamera iendelee. Tukapata kilio kizuri sana. Nasema tukapata kwa sababu nami nilifurahi, niliandika kwenye daftari: kilio cha kweli.

Baadaye alikuja kunisalimia, "Shikamoo anko." Nikamuuliza anapenda kuigiza? Akamtazama mjomba wake kwanza. Mjomba akacheka, "Mwambie mwandishi, usiogope." Akasema anapenda. Nikamuuliza shule. Akamtazama tena. Bahasha ya malipo ilipitia mbele yangu kutoka mkono wa mtu mzima kwenda mkono wa mtu mzima, na mimi nikaona ni jambo la kawaida, maana nani ampe mtoto bahasha usiku? Makala ilitoka Jumapili. Niliiita habari ya nyota wa kesho. Watu waliipenda. Mjomba alinipigia kunishukuru.

Wakati ule nilikuwa nimeshasoma kisa cha Coogan na nyumba ya maskini. Hakikunijia akilini hata kidogo.

Binti yule sasa anakaribia kumaliza sekondari, haonekani kwenye tamthilia yoyote, na sijui kama aliacha au aliachwa. Nilimpigia mjomba mwezi uliopita, namba haipatikani. Daftari lile ninalo bado. Maneno ya mwongozaji yamejaza kurasa mbili, ya mjomba moja na nusu. Ya mtoto ni mstari mmoja, na pembeni yake nimeandika kwa kalamu nyekundu, kama ukumbusho kwa mhariri: aibu aibu kidogo, tutafute nukuu nzuri zaidi kwa mjomba.